Thika Ina Viwanja, Ruiru Ina Watoto

Katika shule moja ya umma mjini Ruiru, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Thika, huhitaji kumuuliza mtu nani alijenga darasa gani. Soma kuta. Madarasa matatu yaliyo karibu na lango yameandikwa kwa rangi ya bluu: NG-CDF, jina la eneobunge, mwaka wa fedha. Darasa la chekechea, lililozungushiwa waya pembeni, lina nembo ya Kaunti ya Kiambu na michoro ya wanyama. Twiga wake ana shingo fupi hata ungemdhania ndama. Lile jengo refu la mawe, lenye mabati yaliyoshika kutu, halina hata herufi moja. Hilo lilijengwa na wazazi enzi za harambee, na wazazi hawakubakiwa na pesa za kumlipa mchoraji.

"Ukitaka kujua nani anasimamia shule hii, keti kwanza," mwalimu mkuu aliniambia, huku akiondoa rundo la vitabu vya Gredi 8 kwenye kiti cha wageni. Vitabu havina kabati. Ofisi yake ndiyo ghala, ndiyo maktaba, na mtoto akiumia uwanjani ndiyo zahanati.

Ulikuwa muhula wa tatu wa 2025, wakati watoto wa Gredi 9 wakijiandaa kwa KJSEA, mtihani ambao hakuna aliyewahi kuufanya kabla yao. Nilitaka kufuata shilingi na amri: zinatoka wapi, zinafikaje shuleni, na zikipotelea njiani anaulizwa nani.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa vizuri. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na sekondari, mitaala na mitihani. Kaunti ikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa msingi na sekondari wako chini ya TSC, tume ya walimu iliyoundwa mwaka 1967, ambayo sasa imetajwa ndani ya Katiba yenyewe na haipokei amri za gavana wala mbunge. Walimu wa chekechea ni wa kaunti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza bodi ya elimu ya kaunti, ambayo licha ya jina hilo wajumbe wake huteuliwa na Waziri wa Elimu. Kisha ikaipa kila shule bodi ya usimamizi, humo mkiwa na wazazi, mwakilishi wa walimu na mtu wa mfadhili, ambaye Kiambu mara nyingi ni kanisa. Mbunge hayumo katika mpangilio huo. Lakini ndiye mwenye hazina ya eneobunge, ile NG-CDF ya ukutani, ambayo sheria huitengea asilimia isiyopungua 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa, na ndiye anayejenga.

Nilimwomba mwalimu mkuu tuache sheria, tutembee.

Tulianzia vyooni. Mlango wa mwisho upande wa wasichana ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja, na msichana mmoja alikuwa amesimama nje akiushikilia kwa mikono miwili ili mwenzake ajisitiri. Hiyo ni kazi ya zamu, nikaambiwa. Huendi chooni bila rafiki. Nikauliza kwa nini mlango haujatengenezwa. Jibu lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia. Pesa za serikali za vitabu na chaki haziruhusiwi kununua bawaba. Zile za matumizi ya kawaida huja kwa mafungu, na fungu la muhula ule lilikuwa halijafika. Hazina ya mbunge hujenga choo kipya na kukiandika jina, ila si desturi yake kutengeneza choo kibovu. Kaunti itasema vyoo vya chekechea ndivyo vyake, ingawa watoto wa chekechea hutumia hivi hivi. Na wazazi wakiombwa shilingi hamsini kila mmoja, kuna mmoja atakayepiga simu ofisi ya elimu kulalamika kwamba elimu ya bure imeanza kulipishwa, naye atakuwa na haki.

"Sasa utafanyaje, Madam?"

"Mwenyekiti wa wazazi ni fundi. Amesema Jumamosi."

Ningeweza kuishia hapo nikasema nimeeleza jinsi shule ya umma inavyosimamiwa katika Kaunti ya Kiambu. Lakini mlango ni kitu kidogo. Ofisini alinifungulia daftari nene la kaunta, ambamo huandika kwa mkono kila senti inayoingia, kwa sababu, alisema, kompyuta huonyesha kilichoahidiwa na daftari huonyesha kilichofika.

Kilichoahidiwa kinajulikana. Mtoto wa shule ya msingi hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka. Mpango ulipoanza Januari 2003, Rais Kibaki alipofungua milango ya shule bila karo, zilikuwa 1,020. Gawanya zile 1,420 kwa siku za masomo za mwaka mzima, unapata shilingi saba na ushei kwa siku. Kwa bei ya kando ya barabara ya Ruiru hazinunui mandazi. Mwanafunzi wa sekondari ya msingi, yaani Gredi 7 hadi 9, hutengewa 15,042, na wa sekondari ya kutwa 22,244. Kwa hiyo ndani ya ua mmoja, chini ya mwalimu mkuu mmoja, mtoto wa Gredi 6 ana thamani ya 1,420, na dada yake wa Gredi 7, anayeketi darasa la pili yake, ana thamani mara kumi zaidi. Pesa hizo haziruhusiwi kuchanganywa. Maabara ikihitajika, kuna fungu lake. Mvua ikivuja Gredi 3, fungu hilo halisogei.

Kilichofika ni habari nyingine. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba serikali haimudu zile 22,244. Shule zilikuwa zinapata takriban 16,900. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba katika miaka minne shule za nchi nzima zilipunjwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Na muhula ule nilipofika, Wizara ya Elimu ilikuwa imesema pesa hazitatoka mpaka idadi ya wanafunzi ihakikiwe, kwa sababu kwenye orodha kulikuwa na wanafunzi hewa. Sina ugomvi na kusaka wanafunzi hewa. Wizi huo ni wa kweli, na walioufanya walikuwa na mihuri. Ila hapa Ruiru tatizo lilikuwa kinyume: kuna watoto wa nyama na mifupa ambao hawamo kwenye mfumo, kwa kuwa mama amehama kutoka Githurai na cheti cha kuzaliwa kimebaki kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Mtoto wa namna hiyo hula uji, huandika, hukohoa, na kwa hesabu za serikali hayupo.

Niliingia Gredi 4. Watoto walisimama kwa pamoja wakanisalimu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya shule zetu mgeni akitokea. Madawati ya watoto watatu yalikaliwa na wanne, mengine watano, na nyuma kabisa wawili walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mwalimu hakuweza kupita katikati. Alifundishia mbele, na daftari zilipitishwa mkono kwa mkono hadi kwake kusahihishwa. Msichana mmoja wa mstari wa pili alisoma aya kuhusu sungura na kisima bila kukwama. Mvulana wa nyuma yake alisoma aya ile ile kwa kukumbuka alichosikia. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Utafiti wa shirika la Usawa Agenda wa 2021 ulikuta kwamba nchini kote wanafunzi wanne tu kati ya kumi wa Gredi 4 waliweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi 3. Siwezi kusema darasa lile liko juu au chini ya hapo kwa kuwasikiliza wawili. Nasema tu kwamba mwalimu alijua fika nani hasomi, akanitajia majina yao mlangoni kwa sauti ya chini, na hakuwa na nafasi ya kupiga magoti kando ya dawati la hata mmoja wao.

Upande wa sekondari ya msingi walimu ni vijana. Wana digrii, wana madeni ya mikopo ya chuo ya HELB, na wengine ni wanagenzi wanaolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wenzao 46,000 waliajiriwa kwa kudumu Januari 2025, baada ya mgomo na kesi. Hawa waliletwa baada yao, nao wakati ule walikuwa bado wanasubiri. Wanakaa chini ya mwalimu mkuu aliyesomea ualimu wa msingi, na wapo wanaoona hilo ni kushushwa hadhi. Sikuiona dharau hiyo katika shule hii. Niliona kijana akifundisha umeme kwa betri ya redio, nyaya mbili na balbu ndogo ya tochi. Balbu ilipowaka darasa zima lilipiga kelele, na mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kwa nini Ruiru imefurika hivi? Wengi watakujibu kwamba watu wanazaana. Sivyo. Ruiru imefurika kwa sababu imeuzwa. Eneo hili lilikuwa mashamba ya kahawa. Hata mbegu ya kahawa inayoitwa Ruiru 11 ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha hapa. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ekari ya ploti ikashinda ekari ya kahawa, na mashamba yakakatwa vipande vya futi hamsini kwa mia. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikawakuta 490,120. Mji uliongezeka maradufu katika miaka kumi, ukawa karibu mara mbili ya Thika, iliyokuwa na 251,407, na mmoja wa miji mikubwa kabisa ya Kenya.

Shule haikuongezeka maradufu. Haikuwa na pa kuongezeka. Tembea kutoka Kimbo hadi Gatongora, au ushuke Mwihoko, uhesabu gorofa za kupangisha, maduka ya vifaa vya ujenzi, makanisa ya mabati na shule za kibinafsi zilizobanwa kwenye ploti mbili zilizounganishwa, watoto wakicheza juu ya paa lililozungushiwa waya. Kiwanja cha shule ya umma utakitafuta sana. Wenye mashamba walipokata, walikata mpaka mwisho, na pale ramani ilipoacha kipande cha matumizi ya umma, mara nyingi kipande hicho nacho kilipata mwenyewe.

Nilifika Thika mchana, na tofauti ilinipiga machoni kabla sijafika kwenye lango lolote. Thika ni mji wa viwanda uliopangwa kikoloni, kwa ubaguzi wake wote, na mpangaji wa mji alichora shule kabla ya kuchora vibanda. Shule kongwe zina ua, miti, viwanja viwili vya mpira na njia za kutembea. Zaidi ya hayo, serikali kuu ilipozinyang'anya halmashauri za wilaya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1970, manispaa chache ziliachiwa zao, na Thika ilikuwa mojawapo. Kwa miongo kadhaa baraza la mji lilikuwa na shule zake, ofisi yake ya elimu na diwani wa kugombezwa mlango wa choo ukining'inia. Sisemi ulikuwa ulimwengu wa malaika. Mabaraza yetu tunayajua. Nasema kulikuwa na mlango mmoja wa kubisha.

Nilipita nje ya shule ya wasioona ya Jeshi la Wokovu, iliyoanza mwaka 1946, ambayo huwapokea watoto kutoka pembe zote za nchi. Thika ina pia Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na shule za sekondari zenye majina: Thika High, Chania, Mary Hill, na kule juu ya barabara ya Garissa, Mang'u, alikosomea Kibaki ilipokuwa bado katika makao yake ya zamani. Mzazi wa Kiandutu, kijiji cha mabanda kilicho karibu na viwanda, anaweza kuishi miaka ishirini akiwaona wanafunzi wa shule hizi wakishuka kwenye mabasi na masanduku yao, na wa kwake asiingie hata moja. Shule ya kitaifa huchukua watoto wa kaunti zote, na karo ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka hata baada ya mchango wa serikali. Ukaribu haumpi mtu chochote.

Mama mmoja anayeuza mboga karibu na Kiandutu alinihesabia kwa vidole. Mwanawe alikuwa Gredi 9. Akienda bweni, basari ya mbunge huenda ikatoa elfu tano, ya kaunti huenda ikatoa elfu tatu, chifu huandika barua, na zinazobaki ni zake. Akienda kutwa, karo hakuna, lakini kuna chakula cha mchana, sare, na ile pesa ya walimu wa bodi, kwa sababu TSC haijaleta wa kutosha.

"Basari ya kaunti mwaka huu nilisikia imesimamishwa," akasema. "Wanagombana huko juu."

Alisikia vizuri. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba haziwezi kulipia wanafunzi wa sekondari, kwa kuwa sekondari si kazi yao, mpaka ziwe na makubaliano ya maandishi na serikali ya kitaifa. Kisheria alikuwa sahihi. Na hazina ya mbunge nayo, Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba inakiuka Katiba na ikaipa hadi Juni 30, 2026 kufunga vitabu. Kila mmoja wa watu wanaochora majina yao kwenye kuta za shule ameambiwa, kwa wakati wake, kwamba ukuta ule si wake. Yule ambaye ukuta ni wake, Wizara, ndiye aliyekiri bungeni kupitia Waziri wa Fedha kwamba hana pesa.

Msomaji mwenye haraka atasema basi: ipeni kaunti kila kitu, au irudishieni Nairobi kila kitu. Mimi sikuona dalili kwamba kaunti ingefanya vyema zaidi na mishahara ya walimu; waulize walimu wa chekechea wa kaunti mbalimbali wakusimulie mikataba yao. Ninachoona Ruiru ni kitu finyu zaidi, na kwa maoni yangu kinaudhi zaidi. Kaunti husema shule ya msingi si kazi yake, na ni kweli. Lakini mipango ya miji ni kazi yake, kwa Jedwali lile lile la Nne, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna anayekata shamba wala kujenga gorofa bila kibali cha kaunti. Darasa linaweza kujengwa na mbunge, mwalimu akaletwa na TSC, chaki ikanunuliwa na Wizara, hata ikichelewa. Kiwanja hakuna anayeweza kukileta baada ya shamba kuisha. Kila ramani ya ploti mia mbili inayopigwa muhuri bila kipande cha shule ni uamuzi wa elimu, uliofanywa na ofisi inayoapa kwamba elimu haiihusu.

Kuna shule nzuri Ruiru zisizo na tatizo hili. Ndani ya Tatu City, mji mpya uliojengwa juu ya kahawa ile ile, shule mbili za kibinafsi zimepata nafasi tele, na viwanja vya nyasi vinavyomwagiliwa maji. Mwekezaji alizichora kwenye ramani mapema kwa sababu alijua mnunuzi wa nyumba huuliza shule iko wapi. Serikali ingeweza kujifunza hapo bure, bila karo.

Jioni nilishuka upande wa Mugutha, ambako bado kuna mistari michache ya mibuni isiyopaliliwa. Vigingi vya zege vilikuwa vimekwisha kuchimbiwa, na bango lilisema ploti za hamsini kwa mia zinauzwa, hatimiliki iko tayari, maji na stima viko. Kijana wa mauzo alinijia mbio, viatu vikiwa vyekundu kwa udongo, akanitembeza: hapa barabara ya mita tisa, pale kona, hii ya kona ina bei yake. Mji gani mwingine, alisema, utapata ardhi dakika kumi kutoka barabara kuu?

Nilimuuliza watoto wa wanunuzi watasoma wapi.

Akanionyesha kwa kidole jengo la gorofa nne lililopakwa rangi ya manjano ng'ambo ya kijito. Shule ya kibinafsi, akasema, nzuri sana, ina basi.

"Na ya serikali?"

Alitazama vigingi, akatazama karatasi ya ramani mkononi, akaigeuza upande wa pili kana kwamba huenda ilichorwa nyuma.

"Hiyo sasa, mzee, ulizia kaunti."